Mfalme Aliyepimwa kwa Futi Kamba

Tangu baba yao afariki, karakana ya samani ya ndugu watatu haikuwa na mkubwa. Kila mmoja alifanya alivyoona yeye, na matokeo yalionekana kwa macho. Kulikuwa na kitanda ambacho Kaka Mkubwa alikata miguu ya upande wa kichwani, na mdogo wake akakata ile ya upande wa pili, bila kuulizana. Aliyekinunua alirudi kulalamika kwamba kila asubuhi anaamka akiwa amejikunja chini kabisa kama nguo chafu. Dada alimshauri ageuze mto upande wa pili. Mteja akasema amekwisha kujaribu, na damu ilimjaa usoni.

Mambo ya namna hii kwa kawaida yalisahaulika. Safari hii hayangesahaulika, kwa sababu mteja mpya alikuwa baba wa mchumba wa Mlingoti.

Mlingoti lilikuwa jina la utani la kitinda mimba wao, mpiga vanishi, ambaye kichwa chake kiligonga kizingiti cha kila mlango uliotoka karakana hiyo. Mchumba wake alikuwa muuguzi. Baba wa muuguzi alikuwa mpima ardhi mstaafu, mtu asiyeamini kitu mpaka akipime. Alipoambiwa kwamba kijana anataka kumwoa binti yake, hakuuliza ukoo wala kipato. Aliagiza kabati la nguo la milango miwili, la mbao nyekundu, akataja vipimo vyake, akasema liletwe Jumamosi, siku ambayo kijana atakuja kujitambulisha.

"Hiyo si oda," Kaka Mkubwa alisema Jumatatu asubuhi, ameegemea mashine ya kukatia mbao. "Huo ni mtihani. Na wewe mitihani yako tunaijua."

"Kaka, naomba usianze."

"Sijaanza. Nakumbusha tu."

"Mimi nampenda huyu dada wa watu," Mlingoti alisema. "Kabati likienda limepinda, yule mzee hanipi. Amesema wazi. Mtu ambaye pembe zake si mraba, na mambo yake si mraba."

Dada, aliyeshona viti na magodoro na kuzungumza na wateja, aling'oa pini mdomoni. "Basi litengeneze vizuri."

"Peke yangu? Mimi napiga vanishi. Kaka anakata, wewe unafunga bawaba, mumeo anabeba. Na kila mtu ana akili yake."

"Hapo umesema kweli," alidakia mume wa Dada, dereva wa pikapu ya karakana, ambaye wote walimwita Shemeji, hata mke wake akisahau. "Kabati la watu wanne wasioulizana litatoka na milango minne, na mmoja utakuwa juu. Tunahitaji mtu mmoja wa kuamuru. Tunahitaji mfalme."

Neno hilo halikumshangaza yeyote. Shangazi yao, mwalimu mstaafu wa historia, ndiye aliyefundisha Maandiko kila Jumatano kanisani, na kwa muda mrefu sasa alikuwa kwenye wafalme wa kale. Wote walikuwa wamehudhuria. Shemeji alihudhuria kwa bidii kuliko wote, kwa sababu alijiona katika kila mfalme isipokuwa wale waliouawa.

"Hata wale wa ng'ambo ya barabara wana bosi," Dada alisema. Karakana ya ng'ambo iliongozwa na mtu mwenye filimbi. Samani zake zilikuwa mbaya sana, lakini zilisimama sawa. "Kwa nini sisi tusiwe kama wenzetu?"

Wakamwita Shangazi, aliyekaa nyumba ya nyuma. Alikuja na miwani yake, akapangusa maranda juu ya kreti iliyopinduliwa, akaketi.

"Watu wa kale nao walisema hivyo hivyo," alisema baada ya kuwasikiliza. "Tupe mfalme, tuwe kama wengine. Nabii wao alikuwa mzee na amechoka. Mungu akamwambia: wasikilize, lakini waonye kwanza. Kwa hiyo nawaonya." Akamnyooshea kidole Kaka Mkubwa. "Atachukua patasi yako nzuri. Wewe, Dada, atachukua kitambaa chako. Na wewe, baba, utamwendesha kwenye gari ambalo petroli umeweka mwenyewe. Kisha mtakuja kulia, na mimi nitakuwa nimelala."

"Lakini Shangazi," Shemeji alisema, kwa sauti ya mtu aliyejiandaa, "mbona mbinguni ni ufalme? Sijawahi kusikia mbinguni wakipiga kura."

"Mbinguni yupo mmoja anayeiweza kazi hiyo, na nafasi imeshajazwa. Huku chini tunagombea cheo ambacho hakuna mwenye sifa zake."

"Kwa hiyo mfalme ni dhambi?"

"Sikusema dhambi. Maandiko hayamkatazi mfalme, yanamfunga kamba. Asijilimbikizie farasi, wala wake, wala dhahabu. Na sheria ainakili kwa mkono wake mwenyewe, aisome kila siku, asije akajiona ni mtu tofauti na ndugu zake. Serikali nzuri ni ile ambayo aliye juu anajua yuko mwingine juu yake. Isiyo nzuri ni ile ambayo amesahau. Tofauti nyingine zote ni za mavazi."

"Farasi hatuna, dhahabu hatuna," Kaka Mkubwa alisema. "Mfalme wa hapa amebanwa tayari. Na kwa kuwa mzaliwa wa kwanza ni mimi…"

"Mzaliwa wa kwanza katika Maandiko hana bahati," Shangazi alimkatiza. "Mmoja aliua mdogo wake. Mwingine aliuza haki yake kwa bakuli la dengu. Wewe nimewahi kukuona ukiuza zamu yako ya msumeno kwa chapati."

"Nilikuwa na njaa."

"Na yeye alisema hivyo hivyo."

Dada akapendekeza kura. Kila mmoja akaandika jina kwenye kipande cha msasa, na vipande vilipofunguliwa kila mmoja alikuwa amepata kura moja. Mlingoti peke yake ndiye aliyeshangaa, maana alikuwa amejipigia kwa bahati mbaya, akidhani anaandika jina la mwenye karatasi.

"Mfalme wa kwanza alichaguliwaje?" Shemeji aliuliza.

Shangazi alisita. Alikuwa mwalimu, na mwalimu akiulizwa swali la kweli hawezi kukaa kimya hata kama jibu litaleta balaa. "Walipiga kura za bahati," alisema. "Lakini kinachotajwa zaidi ni kimo. Aliwazidi watu wote, kuanzia mabegani kwenda juu."

Watu wengine wangeishia kucheka. Hawa walikuwa maseremala, na ukimwambia seremala kwamba jambo linaweza kuamuliwa kwa kipimo, anainua mkono kuitafuta futi kamba kabla hujamaliza sentensi. Kaka Mkubwa alisimama kwenye nguzo, Dada akaweka alama kwa penseli. Shemeji akafuata.

"Visigino chini, baba watoto," Dada alisema.

"Viko chini."

"Basi naona mwanga wa nini hapo?"

Shemeji akashusha visigino, na matumaini yake yakashuka navyo. Ilipofika zamu ya Mlingoti, Mlingoti hakuwepo. Walimtafuta nyuma ya mbao na ndani ya stoo. Hatimaye Kaka Mkubwa aliona miguu miwili mirefu ikichomoza mwishoni mwa rundo la magodoro.

"Toka huko."

"Sitaki," godoro lilisema. "Mimi nataka kabati tu. Sitaki cheo."

Shangazi alivua miwani akaifuta. "Na yule wa kwanza naye walimkuta amejificha kwenye mizigo," alisema kwa huzuni. "Mpaka hapa mnafuata Maandiko vizuri kuliko mnavyofuata vipimo."

Wakamvuta kwa miguu. Alipopimwa, aliwazidi wote kuanzia mabegani kwenda juu, na hapakuwa na mjadala.

Ilibaki kumtia mafuta. Shangazi alikataa katakata kushiriki, akarudi kwake. Shemeji, ambaye alikuwa ameamua kwamba asiyekuwa mfalme awe angalau kuhani, alichukua kopo la mafuta ya kulainishia mashine lililokuwa rafuni, akampigisha mfalme magoti juu ya maranda, akamwaga kwa ukarimu. Kopo liliandikwa MAFUTA kwa herufi kubwa. Lakini wiki iliyotangulia, mtu fulani alikuwa amekosa pa kuweka mabaki ya vanishi inayokauka haraka, na kwa kuwa hakuna aliyemkataza, akayamimina humo. Mtu huyo alikuwa Mlingoti. Harufu haikumshtua yeyote, maana karakana nzima ilinuka vanishi tangu enzi za marehemu.

Kufikia saa ya chakula cha mchana nywele za mfalme zilikuwa zimekuwa kitu kimoja. Zilitoa sauti zikigongwa. Kaka Mkubwa alizigonga mara kadhaa ili kuhakikisha.

"Imekamata vizuri," alisema. "Ungekuwa meza ningekupeleka dukani."

Jumatatu hiyo hiyo jioni Shangazi alimletea mfalme kipande cha plaiwudi na penseli ya useremala, akamwamuru anakili kanuni za karakana zilizowekwa na baba yake, pamoja na moja ya kwake: mkubwa asijione yeye ni mbao nyekundu na wenzake ni makreti. Mlingoti aliahidi kuandika mara atakapopata nafasi.

Ni haki kusema kwamba siku ya kwanza ya utawala wake ilikuwa nzuri. Jumanne asubuhi aliamuru makopo yote yaandikwe upya baada ya kunuswa. Aliamuru pia kwamba kuanzia sasa wote watumie futi kamba moja, ya Dada, kwa sababu ya Kaka Mkubwa ilikuwa imekatika mwanzoni, naye alikuwa akifidia kwa kukisia, siku anapokumbuka. Amri hii ilikuwa kubwa kuliko ilivyoonekana. Kwa mara ya kwanza tangu msiba, pande mbili za kitu kimoja zililingana. Jioni mwili wa kabati ulikuwa umesimama wima, juu na chini, kulia na kushoto. Shangazi alipopita aliweka gololi juu yake, na gololi ikatulia palepale kama imepigwa msumari.

"Huenda nilikosea," alisema Shangazi, na aliporudi kwake alikuwa hana furaha, maana hakuzoea.

Hakuwa amekosea. Tatizo la siku moja ya utawala mzuri ni kwamba inampa mtawala usingizi mzuri, na Mlingoti aliamka Jumatano akiwa na maoni. Alifika karakana kwa pikapu. Nyumba yake ilikuwa mtaa wa pili, na gari lilichukua muda mrefu kuliko miguu kwa sababu ya kona, lakini alisema mfalme hatembei na chupa ya chai mkononi. Shemeji alimfungulia mlango. Uso wa Shemeji ulikuwa umenyooka kama ubao uliotoka kwenye randa.

"Nitakaa wapi?" Mlingoti aliuliza.

"Ukae wakati gani?" Dada alishangaa. "Kuna kazi."

"Nikisimama nafanya kazi mwenyewe. Siwezi kuona wenzangu wanafanya nini. Mkubwa anatakiwa aone wote kwa pamoja. Ni suala la macho."

Walimpa stuli. Akasema stuli haina mgongo, na mtu asiye na pa kuegemea hutoa amri za haraka haraka. Hoja hiyo ilimgusa Kaka Mkubwa, ambaye maisha yake yote aliegemea vitu. Kabla ya saa nne walikuwa wameanza kutengeneza kiti. Mgongo wake ulitakiwa uwe mrefu kuliko kichwa cha mfalme, na mbao za urefu huo zilikuwepo seti moja tu: zile mbao nyekundu zilizoandaliwa kwa milango ya kabati.

"Hizo ni za milango," Dada alisema.

"Lori la mbao litaleta nyingine."

"Lori linakuja wiki ijayo. Jumamosi ni wiki hii."

"Mimi ndiye ninayeoa au wewe?"

"Ndiyo maana nauliza!"

Lakini mfalme alikuwa ametoa amri, na wao ndio walioomba mtu wa kutoa amri. Kaka Mkubwa aliunganisha mbao kwa gundi, na kwa kuwa patasi yake nzuri ilikuwa imechukuliwa na mfalme kwa ajili ya kusafishia kucha, alichonga kwa ile mbovu. Alichonga simba katikati ya mgongo wa kiti. Alitaka uso wa kutisha, wenye manyoya pande zote. Alichopata kilifanana na mkate uliokanyagwa. Dada akatakiwa kutoa kitambaa chekundu cha kochi la mteja ili kufunikia pa kukalia. Akakitoa. Kisha akaenda kubisha kwa Shangazi ili alie, na Shangazi, kama alivyoahidi, alikuwa amelala.

Alhamisi mfalme alikalia kiti chake, akaona wote kwa pamoja. Wote walikuwa wamekaa wakimwangalia, kwa sababu amri ya siku hiyo haikuwa imetolewa.

Ijumaa asubuhi muuguzi alipita akitoka zamu, bado kavaa sare na viatu vyake vyeupe. Aliingia, akalitazama kabati kwa muda. Lilikuwa zuri, limenyooka, na wazi upande wa mbele kama kibanda cha kuuzia magazeti.

"Wifi, karibu," Dada alisema, bila kumwangalia usoni.

"Asante, wifi. Milango iko wapi?"

Muuguzi aligeuka, akamwona mchumba wake juu ya kiti chenye mgongo mrefu, kichwa kiking'aa.

"Kichwani una nini?"

"Nilitiwa mafuta."

"Hayo si mafuta."

"Tumekwisha kugundua."

Akasogea, akaugonga mgongo wa kiti kwa kifundo cha kidole, kama anavyogonga kifua cha mgonjwa. "Mbao nyekundu," alisema. "Mlingoti, nisikilize. Mimi nimewaambia nyumbani kwamba wewe ni mtu wa kumaliza kitu. Baba amecheka. Kesho atatoa futi kamba yake, apime mlango, na mlango haupo. Atasema, binti yangu, anataka kukuweka ndani ya nyumba isiyo na mlango. Na mimi sitakuwa na la kumjibu, maana nitakuwa nafikiri hivyo hivyo."

"Mpenzi, nilikuwa naongoza."

"Kwenda wapi?"

Muuguzi aliaga kila mtu kwa heshima, akaondoka. Viatu vyake vilisikika mpaka barabarani.

Mlingoti alishuka kutoka kwenye kiti, akazunguka nyuma yake, akakaa sakafuni, mahali ambapo hakuna aliyeweza kumwona isipokuwa Shangazi, aliyekuwa ameingia kwa mlango wa nyuma na kipande cha plaiwudi mkononi. Alikuwa amekikuta chini ya kopo la gundi. Juu yake palikuwa na neno moja: *Kanuni*.

"Uliishia kwenye kichwa cha habari," alisema.

"Shangazi, mimi ni mfalme mbaya?"

"Wa kawaida. Orodha ya wafalme ni ndefu, na wengi wao wameandikiwa jambo lile lile, kwamba walifanya mabaya, wakafa, wakaja wana wao. Wachache wanaosifiwa, angalia wanasifiwa kwa nini. Kwa kuvunja. Huyu alivunja sanamu, yule alibomoa madhabahu. Sijaona hata mmoja aliyesifiwa kwa kiti. Yule aliyetengeneza kiti chenye simba pande zote, alipofariki tu ufalme ulipasuka vipande viwili."

Mlingoti aliinuka, akaupima mgongo wa kiti kwa macho, kutoka juu mpaka chini, halafu akalitazama kabati.

"Vipande viwili," alisema. Akaita: "Kaka! Lete msumeno. Kivunjwe."

"Kivunjwe nini?"

"Kiti. Mgongo upasuliwe katikati. Tunapata milango."

Kaka Mkubwa alikunja mikono. "Hapana. Nimechonga simba."

"Ni amri ya mfalme."

"Kiti kikivunjwa, wewe si mfalme tena. Kama si mfalme, amri yako si amri. Sasa mimi nitakuwa nimevunja kiti kwa amri ya nani?"

Swali hilo liliwashika wote. Shemeji aliona kwamba mfalme akiivunja enzi yake, amri inafia njiani. Dada alisema amri ni kama gundi, inakamata wakati inapopakwa, aliyepaka akienda zake haiachii. Walibishana mpaka Shangazi alipopiga plaiwudi kwenye meza ya kazi.

"Muda mnao?"

Hawakuwa nao.

"Kaka," Mlingoti alisema, safari hii bila kuita. "Basi siamuru. Nakuomba. Nisaidie nioe."

Kaka Mkubwa alimtazama, akamtazama simba, akavuta pumzi, akawasha mashine.

Mgongo ulipasuka vizuri, na kila nusu ilitosha mlango mmoja, tena ilibaki kidogo ya kupunguza. Simba alipasuka katikati ya pua. Walifikiria kumrandua, lakini alikuwa amechongwa kwa kina, na ubao ungebaki mwembamba kama biskuti. Walifikiria kumgeuzia ndani, lakini upande wa nyuma ulijaa matundu ya skrubu. Akabaki. Dada alirudishiwa kitambaa chake, Kaka patasi yake.

Na hapo, katika haraka ya Ijumaa jioni, karakana ikarudi bila mkubwa. Kaka Mkubwa alifunga mlango wa kushoto, akaenda kula. Dada alifunga wa kulia, mumewe akiushika. Mlingoti alipiga vanishi mwisho, amelala chali, kisha akaenda kwa kinyozi, ambaye alijaribu mkasi, akajaribu mashine, akaomba radhi, akatumia wembe na subira.

Jumamosi waliteremsha kabati uani kwa mpima ardhi, likiwa limefunikwa magunia. Mlingoti alikuwa na kipara kipya na shati jeupe. Muuguzi alisimama kando ya mama yake, hakumkazia macho wala hakumkwepa. Mpima alitoka na futi kamba ya ngozi iliyochakaa, akasalimia watu kwa mpangilio wa umri, akaanza kazi.

Alipima urefu. Alipima upana, juu na chini. Alipima pembe kwa pembe, mara ya kwanza na mara ya pili kwa mshazari mwingine, akaangalia namba mbili alizopata, akaangalia tena, maana zilikuwa sawa. Hakuwa amezoea. Mama muuguzi aliona nyusi za mumewe zikipanda akajua kwamba hiyo ni sifa.

"Toeni magunia," alisema.

Jua lilipiga milango. Kwenye mlango wa kushoto, ukingoni mwa katikati, palikuwa na nusu ya simba. Kwenye mlango wa kulia, ukingoni kabisa upande wa pili, palikuwa na nusu nyingine, kichwa chini.

"Huyu ni mnyama gani?" mpima aliuliza.

"Simba," Kaka Mkubwa alisema.

"Wote wawili?"

"Ni mmoja, mzee wangu."

Dada alikuwa ameziba mdomo kwa mkono. "Nusu yake haina juu wala chini," alimnong'oneza mumewe. "Niliigeuza mara tatu, nikaona sawa tu."

"Si unaugeuza mlango?" Shemeji alinong'ona.

"Bawaba nimeshazichimbia upande huo. Kitasa nacho hivyo hivyo. Ukiugeuza, utafungukia katikati."

Mpima aliikunja futi kamba yake taratibu. "Kazi hii ina mkubwa?" aliuliza. "Maana nasikia kwenu hakuna mkubwa. Vipimo hivi vimefanywa na mtu mmoja mwenye akili. Milango hii imefungwa na watu wawili wasiosalimiana. Ninamuuliza nani?"

Kaka Mkubwa alifungua mdomo kusema kwamba mlango wa kushoto uko sawa, nao ni wake. Dada alimkanyaga.

"Niulize mimi," Mlingoti alisema.

"Wewe ndiye uliyefunga?"

"Hapana, mzee. Mimi nilikuwa mfalme. Toka Jumatatu mpaka jana. Nilichukua mbao za milango nikatengenezewa kiti, ndiyo maana kuna simba. Jana nimekivunja. Milango ilipofungwa nilikuwa nimeshajiuzulu, lakini isingefungwa kwa haraka kama si mimi. Kwa hiyo ni kosa langu lote, nusu zote mbili."

Mpima alimtazama kwa makini, kuanzia viatu mpaka kipara. Alichukua muda kwa sababu umbali ulikuwa mrefu.

"Mfalme," alirudia.

"Walinipima."

"Kwa kipimo gani?"

"Kwa kimo."

"Kimo ni kipimo kizuri," mpima alisema, na ndivyo alivyoamini. "Nimepima viwanja vya wakubwa wengi. Jiwe la mpaka likikutwa limesogea, hakuna aliyelisogeza. Ni mvua. Ni mbuzi. Ni marehemu. Wewe ni wa kwanza kuniambia ni mimi." Aliufungua mlango wa kulia, akaufunga. Haukukwaruza. Akainama, akaugeuza uso wake upande, akaikazia macho nusu iliyopinduka. "Tena mtu akiwa amelala kitandani, atamwona huyu vizuri. Aliyesimama ataona yule mwingine."

"Baba," muuguzi alisema. Alikuwa akijizuia kucheka, na alikuwa akishindwa. "Ni jibu gani hilo? Ni ndiyo au hapana?"

"Pembe ni mraba," baba yake alijibu. "Mengine uulize moyo wako, mimi sina futi kamba yake. Kwangu mimi ni ndiyo."

Mlingoti alishika kipara chake kwa mikono yote miwili, kama mtu anayeogopa kitatoka.

"Basi tupange siku," alisema mama muuguzi. "Arusi iwe lini?"

"Mwezi ujao," alisema Kaka Mkubwa, na Dada akasema, "Baada ya mvua," na Shemeji akasema, "Tukimaliza matengenezo ya gari," na Shangazi, ambaye siku zote alihubiri kwamba watu wasipewe uamuzi wanapokuwa na furaha, akasema, "Jumamosi ijayo." Wote walisema kwa pamoja. Kisha wakabishana. Kaka Mkubwa alitaka kura. Shemeji alipendekeza achaguliwe mtu mmoja, na akasimama kwa vidole bila kujijua.

Mlingoti alimtazama muuguzi. Muuguzi alikuwa tayari amefungua kabati, amening'iniza mkoba wake ndani kwenye kulabu ya kwanza, na alikuwa akijaribu rafu ya juu kama anaifikia.

"Haifikiki," alisema. "Njoo."

Akaenda.